CVT ndani ya gari ndogo ya telekomande: nimesoma kazi ya mdogo wangu, na sikubaliani nayo

Ndugu na dada wa page hii, mumenizoea kwa mambo ya mihogo, mbegu na udongo. Leo nitaandika juu ya gari moja ndogo ya telekomande, urefu wake ni toka kiwiko mpaka vidole, ambayo imelala kwenye meza yangu tangu Jumapili. Ni ya mdogo wangu. Anamaliza elektromekanika mwaka huu na gari ile ndiyo kazi yake ya mwisho: kurasa 52, michoro 9, na kichwa kinachosema kwamba CVT, yaani boate ya vitesi isiyokuwa na vitesi, ni «suluhisho bora» kwa magari madogo yanayoongozwa kwa radio. Anatetea Jumamosi. Aliniletea kazi akasema: «Yaya, soma, lakini usinibembeleze.»

Bon, sikumbembeleza. Na amenipa ruhusa niandike hapa, kwa sababu kwenye promosio yake kuna wengine watatu wanaotaka kujenga kitu kama hicho mwaka ujao. Mimi ni agronome, si mekanisia, mnajua. Lakini kusoma jaribio la mtu na kuuliza «ulilinganisha nini na nini?» ni jambo tulilofundishwa shambani, na swali lile linatumika hata kwa gari.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Motari anayepanda Kadutu na abiria wawili anateremsha vitesi mpaka ya kwanza, moteri inalia sana, gurudumu linazunguka polepole, moto inapanda. Akifika juu anaongeza: ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara anaporuka kutoka hatua moja kwenda nyingine, moteri inapoteza pumzi kidogo. CVT inaondoa zile hatua. Kuna puli mbili zinazounganishwa na mkanda, na kila puli imekatwa kuwa nusu mbili zenye umbo la koni. Nusu zikikaribiana, mkanda unasukumwa nje na kuzunguka duara kubwa. Zikiachana, mkanda unazama ndani kwenye duara dogo. Puli ya mbele ikipanuka, ya nyuma inapungua. Hakuna kuruka, ni kuteleza tu, kutoka mwendo wa mlima mpaka mwendo wa tambarare. Skuta zote zile za automatiki zinafanya kazi hivyo: vizito vidogo ndani ya puli ya mbele vinasukumwa nje na mzunguko, vinakaza koni, na kwenye puli ya nyuma kuna resorti inayopinga.

Wazo ni zuri, sitaki mtu aseme nalidharau. Mholanzi Hub van Doorne aliliweka ndani ya gari la kweli, DAF 600, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1958, na ilitembea na mikanda ya raba bila dereva kugusa vitesi. Kwa kuwa kurudi nyuma kulipita kwenye mikanda ileile, DAF iliweza kukimbia kinyumenyume sawa na mbele, na Waholanzi wakafanya mashindano ya kukimbia nyuma! Mwaka 1987 Subaru iliuza Justy yenye mkanda wa chuma. Mwaka 1993 Williams walijaribu CVT kwenye gari lao la Formula 1, David Coulthard akiliendesha, na sheria zilizofuata zikaifunga kabla haijashindana hata mara moja. Mdogo wangu anaitaja hadithi hii kwenye utangulizi, na anamalizia hivi: kama Formula 1 waliiogopa, basi ni bora.

Hapo ndipo niliweka alama yangu ya kwanza ya bic nyekundu. Gari la Williams lilikuwa na moteri ya mafuta. Moteri ya mafuta ina eneo jembamba la mizunguko ambamo inatoa nguvu yake yote. Chini ya pale inakohoa, juu ya pale inavunjika. CVT inaiacha moteri ikae palepale panapoipendeza, na gurudumu lifanye mambo yake. Moteri ya umeme ya gari ya telekomande iko tofauti kabisa. Mota ya kawaida yenye brashi inatoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha ikiwa imesimama, sifuri mizunguko, na nguvu ile inapungua kwa mstari ulionyooka kadiri mwendo unavyoongezeka. Haiombi kuanzishwa, haihitaji ambreyaji, haizimiki kwenye mlima. Ugonjwa ambao CVT ilikuja kutibu, mota ya umeme haiugui.

Mdogo wangu alinijibu vizuri, na hapa nampa haki yake. «Yaya, haizimiki, lakini inaungua.» Ni kweli. Mota ikikwama, umeme wote unageuka moto. Tuchukue hesabu yake mwenyewe, ukurasa wa 21, ambayo imeandikwa safi. Betri ni ya volti 12. Kontrolere inakata umeme mara nyingi sana kwa sekunde, na ukisukuma telekomande robo, mota inapata wastani wa volti 3. Betri ikitoa ampere 5, mota inaweza kupata ampere 20, kwa sababu wati 60 zinabaki wati 60 pande zote mbili, ukiacha hasara ndogo. Angalieni vizuri: kile kisanduku cha kontrolere tayari kinafanya kazi ya boate, kinabadilisha volti nyingi na ampere chache kuwa volti chache na ampere nyingi, bila hatua, bila mkanda. Ni CVT ya umeme, na iko ndani ya gari nyingi za telekomande za umeme zinazouzwa. Yeye mwenyewe ameandika hesabu hii bila kuona kwamba inamgonga.

Lakini waya wa ndani ya mota una ukinzani. Kama ni ohmu 0,1, ampere 20 zinatengeneza wati 40 za moto, na zinabaki wati 20 tu za kusukuma gari. Kontrolere haiwezi kuondoa hasara hii. Gia inaweza. Ukizidisha mpunguzo wa gia mara mbili, gurudumu linapata nguvu ileile kwa ampere 10, na moto ndani ya waya unashuka kutoka wati 40 mpaka 10. Hii ndiyo hoja yenye uzito kwa upande wa CVT, ni ya kweli kabisa, na nilimwambia angeiweka ukurasa wa kwanza badala ya Formula 1.

Sasa tufike ukurasa wa 34, ambao ulinikosesha usingizi.

Jaribio lake ni ubao ulioinuliwa digrii 15. Gari lina uzito wa kilo 1,6. Mara ya kwanza gari linapanda na CVT: linapanda, mota inabaki vuguvugu, unaweza kuweka kidole. Mara ya pili ametoa koni na mkanda, ameweka gia ya kawaida: gari linasita katikati ya ubao, linakwama, mota inatoa moshi. Chini ya picha ameandika: «Ubora wa CVT umethibitishwa.»

Nikamuuliza, gia gani? Pinioni ya meno 20 kwa gurudumu la meno 48. Yaani mpunguzo wa 2,4, nje ya diferensiali ambayo haikubadilika. Na CVT yake? Nyuma ya ile 2,4 kuna puli zinazotoka 2 mpaka 0,5, kwa hiyo gari linaanza na 4,8 na kufika 1,2. Donc alipanda mlima na 4,8 upande mmoja na 2,4 upande mwingine, halafu akashangaa kwamba 4,8 imeshinda. Hii si kulinganisha CVT na gia. Ni kulinganisha mpunguzo mkubwa na mpunguzo mdogo. Kwetu agronomia ungeitwa mtu aliyepanda mbegu mpya kwenye shamba lenye mbolea na mbegu ya zamani kwenye mawe, halafu anasema mbegu mpya inazaa. Nimeona memoari nyingi za namna ile, na kusema ukweli TFC yangu mwenyewe ilikuwa na doa kama hilo; prof mmoja alilikuta, nikalia usiku mzima.

Tulienda kwa fundi wa maimprimante, akatupatia pinioni ya meno 12 yenye jino la ukubwa uleule. Tundu za kufungia mota kwenye gari hizi ni ndefu, unalegeza skurubu mbili, unasogeza mota, unakaza. Dakika tano. Sasa mpunguzo ni 4. Ampere 20 zinakuwa 12, na moto wa waya unashuka kutoka wati 40 mpaka 14,4. Tukarudi kwenye ubao. Gari lilipanda. Tukaweka kilo moja ya maharagi ya mama juu yake, likapanda tena. Tukarudisha CVT, tukaweka maharagi yaleyale: mkanda uliteleza, ukalia kama panya, gari likabaki chini. Kwenye koridoo ya nyumba, mita 20 za sima, gia ya meno 12 ilichukua sekunde 5, ile ya meno 20 sekunde 6, CVT sekunde 7. Tulipima kwa simu, mara tatu kila moja, kwa hiyo msinihukumu kwa nusu sekunde. Mdogo wangu alikaa chini kwenye ngazi. Hakusema kitu kwa muda.

Halafu akauliza: «Juu ya nini inateleza? Skuta haitelezi.»

Swali hili ndilo lilipaswa kuwa sura ya tatu ya kazi yake, na nasema hivyo bila kejeli, kwa sababu ndani yake kuna mambo matamu kuliko ubao wote. Vizito vyake ni tufe tatu za chuma zilizotoka kwenye rulema, milimita 8, gramu 2 hivi kila moja, zinazozunguka milimita 10 kutoka katikati. Nguvu inayozisukuma nje inakwenda na mraba wa mizunguko. Puli ikizunguka mara 1000 kwa dakika, kila tufe inasukuma kwa niutoni 0,2 tu, sawa na uzito wa gramu 20. Ikifika 5000, ni niutoni 5,5. Tofauti ya mara 25! Gari linapoondoka, pale ambapo kazi ni nzito zaidi, tufe zimelala. Mkanda unashikwa na resorti ya nyuma peke yake. Na resorti ya nyuma aliitoa ndani ya bic. Ni dhaifu, kwa hiyo mkanda unateleza. Tulijaribu resorti ngumu zaidi: mkanda ukashika vizuri, ila haukupanda tena kwenye koni, sababu tufe hazikuwa na nguvu ya kuishinda. Gari likabaki na mpunguzo wa 4,8 mpaka mwisho wa koridoo. Tulikuwa tumetengeneza gia moja ya kawaida, nzito, yenye hasara ya mkanda juu yake.

Skuta inatoroka shida hii kwa ujanja ambao mdogo wangu aliuacha nje ya michoro yake yote 9: nyuma ya puli ya pili kuna ambreyaji ya senitrifuji. Moteri inapoanza, gurudumu bado haliguswi. Mpaka uzito wa mtu ufike kwenye mkanda, mambo ya ndani yameshazunguka vya kutosha. Tena ile puli ya nyuma haina resorti tu, ina mfereji uliopinda, ambao unakaza koni zaidi kila gurudumu linapopinga. Mlima wenyewe ndio unaokaza mkanda. Bila vitu hivi viwili, kinachobaki ni umbo la CVT. Na ukiviongeza kwenye gari la kilo 1,6, umeongeza uzito, msuguano na vipande vya kuvunjika, kwa kazi ambayo pinioni ndogo imeshafanya.

Udogo wenyewe pia unaumiza. Mkanda unaozunguka duara la milimita 10 unapindwa vikali kila mara, na raba inakula nguvu kwa kupindwa. Gia ya meno iliyokatwa vizuri inapoteza kama asilimia 2 pale meno yanaposhikana. Mkanda wa raba unapoteza zaidi, na kwenye gari kubwa lenye nguvu nyingi hasara ile unaivumilia, lakini kwenye mota ya wati 60 unaisikia mara moja. Nimeona vilevile video za CVT za Lego na za plastiki iliyochapwa, zile zinazotumia diferensiali na breki ndogo badala ya mkanda. Zinapendeza macho. Lakini breki inayoteleza ili kubadilisha mpunguzo inageuza nguvu kuwa joto, hakuna namna nyingine, na watu wanaoonyesha zile video wanapima mara chache sana kinachoingia na kinachotoka.

Mtu mmoja ataniambia: na zile gari za telekomande za mafuta? Swali zuri. Moteri za nitro za sentimita kyubu 2,1 au 3,5, zinazopita mizunguko 30 000 kwa dakika, zenyewe zina lile eneo jembamba la nguvu. Hapo CVT ingekuwa na sababu. Lakini waliotengeneza gari zile kwa ajili ya lami walichagua ambreyaji ya senitrifuji na vitesi mbili, ya pili ikishikwa na kiatu kidogo kinachosukumwa nje na mzunguko. Na bagi za mashindano za 1/8 mara nyingi zina mpunguzo mmoja tu, basi. Watu wanaoshinda na kushindwa kwa sehemu za sekunde wamebaki na meno. Wanachobadilisha kati ya uwanja na uwanja ni pinioni.

Ningeweza kuishia hapa, lakini mdogo wangu aliniuliza swali la mwisho, na lilinigusa upande wangu: «Sasa CVT ni ya bure?»

Hapana. Nilimchorea mashine ya kuvuna mpunga. Ina moteri moja na kazi mbili. Ngoma inayopukuchua lazima izunguke kwa mwendo uleule, ikipungua masuke yanapita na mbegu zake, ikizidi inavunja punje. Lakini shambani mpunga haufanani: hapa mzito, pale mwepesi, kwa hiyo magurudumu lazima yapunguze na kuongeza kila wakati, bila moteri kubadilika. Ndiyo maana mashine za kuvuna zilitembea na mikanda ya puli zinazobadilika miaka mingi. Trakta vilevile: ekseli ya nyuma inayozungusha mashine za shambani inatakiwa kushika mizunguko 540 kwa dakika, wakati magurudumu yanapanda na kushuka. Mwaka 1995 Fendt walionyesha 926 Vario, inayochanganya gia na mafuta ya hidroliki ili mwendo uteleze bila hatua, na tangu hapo watengenezaji wengine wakubwa wa trakta wamefuata njia hiyo. Pale CVT inastahili bei yake, kwa sababu kuna kitu cha pili kinachoning'inia kwenye moteri ileile na hakiruhusu moteri kupungua.

Gari la mdogo wangu halina kitu cha pili. Lina magurudumu tu. Lakini mashine ndogo ya kukata majani, yenye moteri moja ya mafuta, kisu chini na magurudumu yanayoongozwa kwa radio, hiyo ingekuwa na kitu cha pili. Kisu kinataka mwendo mmoja, majani ya mteremko yanataka magurudumu polepole, ya tambarare haraka. Puli zake zingekuwa kubwa kama sahani, mkanda ungepata mahali pa kupinda, na moteri ingezunguka muda wote, kwa hiyo vizito visingelala. Yale koni aliyochonga kwa mkono, na ni mazuri, kwa kweli, nimeyageuza mara nyingi kwenye mwanga, yangepata nyumba.

Alisikiliza, akasema: «Yaya, Jumamosi ni kesho kutwa. Siwezi kujenga mashine ya majani kesho.»

Kweli. Sasa kuna hofu nyingine ambayo lazima niiandike, sababu wengi wenu mutaijua. Anaogopa kwamba akiweka matokeo yetu ya Jumatano, juri itasema kazi imeshindwa. Mwenzake mmoja, mahali fulani ambapo sitapataja, aliambiwa mwaka uliopita kwamba «kazi inayomaliza kwa hapana si kazi». Nilimwambia nafikiri kinyume. Jedwali lenye mistari mitatu, meno 20, meno 12 na CVT, pamoja na ile hesabu ya tufe tatu, ni kazi nzito kuliko kurasa zake zote za utangulizi. Lakini si mimi nitakayesimama mbele ya juri, na mama ndiye aliyelipa minervali, kwa hiyo sikumlazimisha.

Jana usiku alikaa na kompyuta mpaka umeme ukakatika. Asubuhi nilikuta ukurasa wa 34 umeandikwa upya. «Ubora wa CVT umethibitishwa» imefutwa. Kuna jedwali, kuna maharagi (ameandika «mzigo wa kilo moja», kwa heshima), na kuna mchoro wa 10, wa ambreyaji ya skuta. Kichwa cha kazi bado kinasema «suluhisho bora», kwa sababu katibu wa idara anasema vichwa vilishapelekwa na havibadiliki tena. Pinioni ya meno 12 iko kwenye gari. Koni ameziweka kwenye sakoshi, kama juri ikitaka kuziona.